Desa lenye jina: kuwafunza wakufunzi kutumia na kurekebisha nyenzo huria za elimu

Jioni moja, kwenye steshenari ya njiani hapa Shirimatunda, Moshi, nilisimama nyuma ya wanafunzi watatu waliokuwa wakisubiri kuchapiwa. Wa kwanza akasema, "Kaka, nitolee desa la takwimu, mwaka wa kwanza." Kijana wa steshenari hakuuliza chuo wala mwalimu. Alifungua folda, akabonyeza, mashine ikaanza kutema karatasi. Nikaomba nione. Zilikuwa kurasa 42, hazina jina la mtunzi, hazina mwaka, na mfano wa kwanza kabisa ulihusu mchezo wa besiboli. Kwenye ukurasa wa 11 mwandiko ulibadilika ghafla, herufi zikawa ndogo na nyembamba. Hapo ndipo kitabu kimoja kilipoishia na kingine kikaanza.

Kwa asiyejua lugha ya vyuoni, desa ni nukuu zilizokwisha andaliwa, ambazo mwaka wa pili humrithisha mwaka wa kwanza pamoja na godoro na jiko la gesi. Ukiyachunguza madesa utagundua kwamba mengi yalianzia mikononi mwa mwalimu mwenyewe. Ndiye aliyenakili sura ya kitabu ambacho maktaba ina nakala moja tu, akapachika mchoro aliouokota mtandaoni, akaongeza maswali yake matano, kisha akampa mwakilishi wa darasa flashi. Ndiyo maana nikisikia kwamba wakufunzi wa Moshi wanahitaji kufundishwa kurekebisha nyenzo za watu wengine, huwa nacheka kidogo. Kurekebisha wanakujua. Hawajafundishwa kurekebisha hadharani, kwa ruhusa na kwa jina, ili mwenzao wa Mbeya au Morogoro aichukue kazi hiyo na kuiendeleza bila woga.

Makala haya ni kwa ajili ya mkuu wa idara, mkutubi, au mkufunzi mwenye ari anayetaka kuendesha mafunzo ya namna hiyo chuoni kwake. Mji wetu una vyuo vingi kuliko ukubwa wake: Chuo Kikuu cha Ushirika, chuo kikuu cha KCMC, Mwenge, tawi la Chuo Kikuu Huria, na ukipanda mlima unakuta Mweka kwa mambo ya wanyamapori na Marangu kwa ualimu. Mahitaji yao hayafanani. Lakini kikwazo cha kwanza nilichokutana nacho katika kila kikao ni kimoja, nacho ni neno lenyewe.

Bure na huria

Ukitamka "nyenzo huria za elimu" mbele ya walimu wa Tanzania, nusu yao watadhani unazungumzia vitabu vya Chuo Kikuu Huria, na nusu ya pili watadhani unazungumzia chochote kinachopatikana bila kulipa. Tumia dakika kumi za mwanzo kulinyoosha hili, la sivyo mtapotezana siku nzima.

Kitu cha bure ni kile usichokilipia. Kitu huria ni kile ambacho mwenyewe ametamka kwa maandishi kwamba unaweza kukifanyia kazi. Chukua Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Unafungua kitabu cha kiada ukiwa kitandani, unakisoma hadi mwisho, hulipi hata shilingi, na ni huduma nzuri sana. Lakini hakimiliki bado ni ya Taasisi, na kukisoma bure hakukupi ruhusa ya kukikatakata, kubadilisha mifano na kukigawa upya kwa jina la idara yako. Nyenzo huria inakupa ruhusa hiyo. Mmarekani David Wiley alizipanga ruhusa hizo kuwa tano, na wakufunzi huzikumbuka haraka: kubaki na nakala yako, kuitumia, kuibadilisha, kuichanganya na nyingine, na kuigawa.

Jina lenyewe lilizaliwa mwaka 2002 katika kikao cha UNESCO mjini Paris, mwaka mmoja baada ya chuo cha MIT cha Marekani kutangaza kwamba kitaweka maudhui ya kozi zake mtandaoni kwa watu wote. Desemba mwaka huohuo shirika la Creative Commons likatoa leseni zake za kwanza, ambazo leo ndizo unazokutana nazo karibu kila mahali. Novemba 2019 nchi wanachama wa UNESCO zikapitisha Pendekezo kuhusu nyenzo hizi, na jambo la kwanza kati ya matano yaliyomo ni kuwajengea watu uwezo wa kuzitengeneza, kuzitumia na kuzirekebisha. Historia hiyo inatosha. Kuna wawezeshaji wanaotumia slaidi 20 hapa, na walimu wanatoka wakiwa na kumbukumbu ya mikutano ya Paris wasiyoweza kuitumia darasani.

Cha kuwaambia zaidi ni kwamba Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji. Tangu 2005 mpango wa TESSA, ulioanzishwa na The Open University ya Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, kikiwemo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, umetoa masomo ya kuwafundisha walimu, na yapo kwa Kiswahili. African Virtual University, iliyokuwa na makao yake Nairobi, ilishirikisha vyuo vya nchi kumi, Tanzania ikiwemo, kuandika moduli 73 za hisabati, sayansi, TEHAMA na ualimu. Zikatolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, jumla 219. Sisi tulioziandika hatukuwa na lugha yetu katika orodha hiyo, jambo ambalo huwa nalitaja kwa makusudi, kwa sababu ruhusa ya kutafsiri ni moja ya ruhusa ambazo walimu wetu wanaweza kuzifaidi kuliko wengine. Na tangu 2008 OER Africa, iliyo chini ya taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, imekuwa ikishughulika na vyuo kwa jambo hilihili, na ina mafunzo mafupi ya kujisomea, likiwemo la kutafuta maudhui huria na la kuyarekebisha. Mwezeshaji asiyekuwa na muda aanzie huko badala ya kubuni upya.

Usiite semina

Nina ugomvi na semina za siku mbili. Siku ya kwanza ni utambulisho, chai na sambusa, mada tatu na picha ya pamoja. Siku ya pili ni mada mbili, majadiliano ya vikundi, vyeti na posho. Jumatatu mwalimu anaingia darasani na desa lake lilelile. Niliwahi kuendesha moja ya aina hiyo, kwenye chuo nisichokitaja, na miezi mitatu baadaye nikawaomba washiriki 24 wanionyeshe kitu kimoja walichokibadilisha. Wawili walijibu. Mmoja alikuwa ameniambatishia slaidi zangu mwenyewe.

Siku hizi nafanya hivi. Nusu siku ya kuanza, kisha wiki sita za kazi ndogondogo, kisha nusu siku ya kuonyeshana. Washiriki hawazidi kumi. Wanafanya kazi wawiliwawili, ikiwezekana wa somo moja, na mmoja wao awe mtu asiyeogopa kompyuta. Mkutubi ni lazima awepo, maana ndiye atakayebaki na kazi hizo wawezeshaji wakishaondoka. Na kila jozi inakuja na somo moja tu. Ninaposema somo moja nina maana ya kipindi cha saa moja au mbili. Kozi nzima itawashinda wakiwa bado kwenye ukurasa wa jalada.

Somo lipi? Lile linalowauma. Lile ambalo wanafunzi wanafeli kila mwaka, au ambalo kitabu chake kimeandikwa kwa ajili ya watu wa mbali, au ambalo mwalimu mwenyewe analichukia. Nilipouliza swali hilo kwenye kikao chetu kidogo hapa Shirimatunda, mama mmoja mkufunzi wa takwimu, mtu mzima wa kukaribia kustaafu, alitoa kwenye mkoba karatasi zilizokunjwa na kuziweka mezani. Zilikuwa zilezile kurasa 42.

"Hili hapa," akasema. "Nimelifundisha miaka tisa. Kitabu chenyewe sikumbuki hata kiliitwaje."

"Shikamoo Mama," kijana wa TEHAMA aliyekaa pembeni yake akaanza, "kwa hiyo desa la pale steshenari..."

"Marahaba. Ndiyo, ni langu. Sasa mwalimu," akanigeukia, "unataka kuniambia miaka yote hii nimekuwa mwizi?"

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtu tangu anapoitunga, hata kama hakuisajili, na ulinzi huo unaendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Inaruhusu matumizi fulani ya kufundishia, kwa kiasi, lakini kunakili sura baada ya sura na kuziachia zikauzwe njiani hakumo. Nilimjibu kwamba tumwache mwizi apumzike, tutafute kitabu ambacho hakihitaji kuibwa.

Kutafuta, kisha kusoma leseni

Kosa la kawaida ni kufungua Google na kuandika jina la somo. Utapata milima ya vitu vya bure, na hakuna cha kukuonyesha kipi ni huria. Anza na maghala yanayojulikana. Kwa vitabu vya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu kuna OpenStax ya Rice University, iliyoanza kutoa vitabu mwaka 2012. Kwa ualimu kuna TESSA. Kwa hadithi za watoto za kujifunzia kusoma, African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili, hazina nzuri kwa chuo cha ualimu kama Marangu. Kwa vitabu vya kitaaluma kuna saraka ya DOAB, na kwa picha kuna Wikimedia Commons. Na kabla ya kuhangaika na picha ya Mlima Kilimanjaro yenye leseni, amka saa kumi na mbili asubuhi, toka nje ya nyumba yako, ipige mwenyewe kwa simu.

Leseni za Creative Commons zina herufi zinazowatisha watu bila sababu. BY ina maana mtaje mtunzi, nayo imo katika leseni zote sita. SA ina maana ukiibadilisha, uitoe kwa leseni hiyohiyo. NC inakataza matumizi ya kibiashara. ND inakataza kutoa toleo lililobadilishwa. Kuna pia CC0, ambapo mwenyewe ameachia kila kitu. Hayo mtu anayakariri kwa dakika tano. Tabu inaanza pale zinapokutana na maisha yetu, na hapo ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya mafunzo.

Tuanze na ND. Walimu wengi huiona kama haina madhara: sitaki kubadilisha, nataka kutafsiri tu. Lakini tafsiri ni mabadiliko. Kitu chenye ND unaweza kukigawa kilivyo. Ukikitafsiri kwa Kiswahili huwezi kugawa tafsiri hiyo bila kumwandikia mwenyewe kumwomba. Mwandikie, wengine hukubali kwa barua pepe ya mistari mitatu.

NC inaleta swali la steshenari, na kila kundi huniuliza: mwanafunzi akichapisha kitu chenye NC na kijana wa steshenari akatoza shilingi zake kwa kila ukurasa, nani amekosa? Swali hili limewahi kufika mahakamani Marekani. Mchapishaji wa vitabu vya hisabati, Great Minds, aliwashtaki FedEx, wenye maduka ya kurudufu, kwa sababu walizirudufisha kwa malipo nyenzo zenye NC walizoletewa na shule. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikasema shule ndiyo mtumiaji, haifanyi biashara, na duka limekuwa mkono wake tu. Hukumu hiyo haifungi mahakama za Tanzania, lakini mantiki yake inasaidia kufikiri. Mwanafunzi anayeleta flashi yake na kuomba achapiwe yuko upande mmoja. Steshenari inayotoa nakala mia, ikazipanga kaunta na kuziuza kama vitumbua, iko upande mwingine. Nyie ambao mnajua desa lenu litaishia kaunta, tafuteni nyenzo zenye BY au BY-SA mlale usingizi.

SA ina mtego wake. Nyenzo za TESSA zina BY-SA. Za MIT zina BY-NC-SA. Kila moja inadai toleo jipya litoke kwa leseni yake, kwa hiyo huwezi kuzipika sufuria moja kama machalari. Unaweza kuziweka kando kwa kando kwenye moduli moja, kila kipande kikiwa kizima na leseni yake imeandikwa, kama mtu anayepakua ndizi na nyama kwenye sahani mbili.

Na zoezi moja la nyumbani. Mwaka 2011 kituo cha mafunzo cha Shirika la Kazi Duniani kilitoa kifurushi cha mafunzo kwa vyama vya ushirika wa kilimo kiitwacho My.COOP, chenye moduli nne, na kati ya taasisi zilizoshiriki kukiandaa kimo chuo cha hapahapa Moshi, wakati huo kikiitwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Ushirika na Stadi za Biashara. Wapeni washiriki dakika ishirini wakitafute, wafungue ukurasa ulio nyuma ya jalada, waandike leseni waliyoiona na mambo mawili wanayoruhusiwa kuyafanya. Wasisome kitu kingine. Mkufunzi anayeweza kufanya hivyo bila kusaidiwa amefuzu nusu ya mafunzo. Tena leseni isomwe kwenye toleo ulilonalo mkononi, kwa sababu toleo jipya la kitabu kilekile linaweza kuja na masharti mengine.

Somo moja, meza moja

Tulimpatia Mama wa takwimu kitabu: Introductory Statistics cha Barbara Illowsky na Susan Dean, ambacho OpenStax ilikitoa mwaka 2013 kwa leseni ya CC BY. Kijana wa TEHAMA akapakua. Ilikuwa saa kumi jioni, umeme ukakatika, tukaendelea na betri ya laptopu moja. Hilo ni funzo lenyewe: pakueni kila kitu kabla ya siku ya mafunzo, wekeni kwenye flashi, wala msimjengee mkufunzi mazoea yanayotegemea bando. Chuo chenye uwezo kiweke Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi, kwenye mtandao wake wa ndani. Kisichokuwa nao kitumie Kiwix, programu inayobeba Wikipedia nzima bila intaneti, ama flashi tu, na kazi itafanyika.

Jambo la pili tuliloliona mapema: PDF ni kitumbua kilichokwisha kaangwa, huongezi sukari tena. Tafuta faili linaloharirika, au nakili maandishi kutoka ukurasa wa kitabu mtandaoni uyaweke kwenye Word au LibreOffice. Ukishatengeneza toleo lako nawe uwaachie wenzako faili linaloharirika pamoja na PDF. Nimeona kazi nzuri zikifia kwenye PDF.

Mama alichagua kipande kinachoeleza tofauti ya wastani na namba ya katikati. Kitabu cha Wamarekani hueleza jambo hilo kwa kipato na bei za nyumba. Maelezo yake ni mazuri, akayaacha yalivyo, hata sentensi hakuigusa. Mfano ndio alioutoa. Akachukua kalamu akaandika wakulima tisa wa chama kimoja cha msingi, na kilo za kahawa ya maganda ambazo kila mmoja amepeleka: 38, 42, 45, 51, 55, 60, 64, 72, na wa mwisho 410.

Jumla ni 837. Gawanya kwa tisa, wastani ni 93. Kisha angalia: kati ya wakulima tisa, wanane wako chini ya wastani. Namba ya katikati ni 55, na hiyo ndiyo inayofanana na mtu unayemkuta asubuhi kwenye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani. Mwanafunzi wa Kibosho au Uru aliyekua akimsaidia bibi yake kuanika kahawa haelezwi jambo hilo mara mbili. Akaongeza swali lililoniacha nikitabasamu: kama ungekuwa katibu wa chama unayeandika ripoti ya kuomba mkopo, ungetaja namba ipi, na kama ungekuwa mkulima wa kilo 38 ungetaka itajwe ipi?

Kubadilisha mfano kulichukua dakika kumi na tano. Hiyo ndiyo aina ya marekebisho ninayoipendekeza kwa mtu anayeanza. Badilisha mfano, fedha, majina na vipimo. Ongeza swali. Usifute sayansi. Kuna anayedhani kurekebisha ni kufukuza kila kitu cha kigeni. Mwenzetu wa ushirika alikuwa na somo linaloanza na waanzilishi wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, akataka kuwaondoa. Tulimshauri awaache, kisha aweke ukurasa unaofuata chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro cha 1925 na kile kilichokifuata, KNCU ya 1933, halafu awaulize wanafunzi kwa nini watu wa nchi mbili zisizofahamiana walifikia jibu linalokaribiana. Somo likawa bora kuliko lilivyokuwa Ulaya na kuliko ambavyo lingekuwa bila Ulaya.

Kuhusu lugha, sheria ya darasani ni Kiingereza lakini uhai wa darasa ni Kiswahili, na kila mwalimu anajua hivyo. Toleo lenye maelezo mafupi ya Kiswahili pembeni linawasaidia wengi. Tafsiri ya mashine itumike kama rasimu tu. Kijana wetu alijaribu kwenye simu, na neno "mean" likarudi kama "maana", kwa hiyo sentensi nzima ikasema kwamba maana ya kahawa ni 93. Tulicheka, lakini mwanafunzi aliye peke yake chumbani asingecheka.

Wa upande wa afya wana jambo lao la ziada. Picha ya mgonjwa si mali ya mwalimu kuiwekea leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahitaji ridhaa, na maadili ya kazi yalikuwa yakiitaka hata kabla ya sheria. Hata video za wanafunzi wakiwa darasani, omba kwanza.

Mstari mmoja chini ya kila ukurasa

Kumtaja mtunzi ndiko kunakogeuza desa kuwa nyenzo, na watu hukufanya vibaya kwa sababu hukuacha hadi mwisho. Taja vitu vinne: jina la kazi, mtunzi, mahali ilikotoka, na leseni. Kisha useme ulichobadilisha. Mstari wa Mama ulisomeka hivi:

"Somo hili limetokana na Introductory Statistics, Barbara Illowsky na Susan Dean, OpenStax, 2013, openstax.org, leseni CC BY. Mifano na maswali yamebadilishwa kwa wanafunzi wa Kilimanjaro. Toleo la 1."

Baada yake jina lake, idara, mwaka, na leseni ya toleo lake jipya. Nilimwomba mstari huo, kwa ufupi, auweke chini ya kila ukurasa. Kule steshenari kurasa hutengana. Jalada hutupwa la kwanza ili kuokoa hela ya karatasi, na mwanafunzi hubaki na ukurasa wa 7 hadi 12. Mstari ulio chini ya ukurasa husafiri na ukurasa.

Kabla ya kuweka leseni yako mwenyewe, soma mkataba wa ajira na sera ya chuo kuhusu hakimiliki. Kazi uliyoifanya kama mwajiriwa huenda si yako peke yako, na ni vyema mkuu wa idara aandike barua ya ruhusa kuliko kubishana baadaye. Barua hiyo ina faida ya pili. Mwalimu anayetumia wiki sita kutengeneza somo anajiuliza litamfaa nini yeye, na ni swali la haki. Aliye chuo cha umma aliingize kwenye malengo yake ya kazi katika PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ili lihesabiwe. Wa chuo binafsi akubaliane na mkuu wake tangu mwanzo. Pale ambapo hakuna anayehesabu, kazi hii hufanywa na wale walewale wawili wenye moyo hadi wanapochoka.

Mkutubi aipokee kazi ikiwa na faili mbili, PDF na ile inayoharirika, aiweke kwenye hazina ya chuo, na aandike tarehe. Halafu, na hili watu hunishangaa, mwalimu achukue nakala ampelekee kijana wa steshenari. Amwombe afute ile ya zamani. Hakuna mtandao wa kusambaza masomo wenye kasi kuliko ule, na hauhitaji bando.

Mama alipeleka lake mwenyewe. Kijana akafungua folda, akaweka jipya, akauliza, "Hili ni la nani?" Akaonyeshwa mstari wa chini.

Muhula uliofuata aliniletea Toleo la 2. Mwanafunzi mmoja kutoka Machame alikuwa amenyoosha mkono akasema huyo wa kilo 410 hawezi kuwa mkulima wa kihamba, ni mtu mwenye shamba kubwa la tambarare, na huenda hata si mwanachama wa chama cha msingi. Darasa likagawanyika, kipindi kikaisha bado wanabishana kama namba hiyo ifutwe au ibaki. Mama hakuifuta. Ameandika ubishi huo kama swali la sita, na chini ya ukurasa ameongeza kwamba swali limetoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.